Laini Niliyoikata Mabanga

Jumapili, 29 Machi 2009

Mabanga tena. Varanda ile ile, benchi lile lile. Kofia magotini kama mtu anayengoja daktari. Ndani, Nekesa na Simiyu wanaongea na mama yao kwenye kompyuta. Mke wangu Nanjala anacheka. Yuko Uingereza, anauguza wazee wa watu, na kicheko chake kinanifikia vizuri kupitia dirishani. Uso wake sijauona tangu tulipomsindikiza uwanja wa ndege.

Ni kichekesho. Mkataba wa intaneti uko kwa jina langu. Miaka miwili, na hata nusu haijafika. Kila mwezi nalipa mimi. Na katika familia yote ni mimi peke yangu siwezi kutazama.

Kosa lilikuwa la fundi, halafu likawa langu. Alipokuja kufunga mitambo mwaka jana alizunguka nyumba ya mama mkwe akitafuta mahali panapouona mnara wa Bungoma. Mbele mikaratusi. Nyuma mikaratusi. Dirisha moja tu ndilo lililouona mnara, nalo ni la chumba anacholala mama mkwe. Akafunga antena juu yake, akashusha waya mfupi, akaweka kompyuta miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa nimesimama getini. Nilielewa kila kitu na sikusema neno. Ningesema nini? Mwanamume wa Kibukusu aanze kumwambia fundi, mama mkwe akisikia, atoe kitu chumbani kwake? Hayo maneno mawili, chumbani kwake, hayatoki mdomoni mwangu. Ndiyo chisoni, aibu ya mtu na mkwe wake. Simpi mkono, simtazami usoni, sili naye, na kitanda chake sikioni wala sikitaji. Hata sebuleni siwezi kukaa watoto wakiwa kwenye kompyuta, maana mlango wa chumba unatazama viti vyote.

Basi nakaa nje na kofia yangu. Nekesa hutoka kila mara kuniuliza kama nina salamu. Leo nimemwambia, mwambie mama mahindi yameota vizuri. Mahindi bado hayajapandwa.

Jumatano, 1 Aprili

Kitale, kazini. Duka limejaa tangu asubuhi. Mvua inanukia, na kila mkulima anataka mbegu na dawa ya kupe aliyopaswa kununua mwezi uliopita. Nimeuza, nimepima, nimegombana na mtu mmoja juu ya gunia.

Kati ya wateja nimeanza kujiuliza kidoti cha Nanjala kiko shavu la kulia au la kushoto. Nimeshindwa kujibu. Nikampa mtu dawa ya minyoo badala ya ya kupe.

Picha ya harusi ninayo, iko ukutani juu ya jiko la mafuta. Haisaidii. Ule ni uso wa msichana aliyepakwa poda na shangazi zake mpaka kidoti kikazikwa.

Saiba za hapa mjini, yale maduka ya intaneti, nilijaribu mara moja mwaka jana. Nanjala alitokea jicho moja limefungwa, akaganda hivyo hivyo kwenye kioo, na vijana waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunihurumia kwa Sheng. Sijarudi tena.

Mchana nikapiga simu huduma kwa wateja, kuuliza kama laini ya Mabanga inaweza kuhamishiwa chumba changu hapa. Muziki. Bonyeza hiki, bonyeza kile. Muziki tena. Mwisho mtu akaniambia mnara wao haufiki mtaa wangu. Laini haihamishwi. Hukaa pale ilipo au hukatwa.

Hilo neno la mwisho limebaki nami siku nzima.

Jumapili, 5 Aprili

Leo ilikuwa mbaya.

Ndani wamecheka kwa muda mrefu, wote, mpaka mama mkwe. Simiyu akatoka mbio. "Baba, mama amenenepa! Ako na mashavu!" Akageuka, akarudi ndani kabla sijauliza lolote. Sikuweza kumfuata. Nimebaki nikitazama mlango.

Wanyonyi, kaka yake Nanjala, alikuwa amepita kuchukua jembe. Akaketi nami. Yeye hutania, ni haki yake, mimi ni shemeji. Akasema, "Shemeji, wewe ni kama mwenye banda la video sokoni. Umekaa kwa mlango unaita watu, na hujui ndani wanaona nini."

Nikacheka. Katikati ya kicheko, kikanishinda. Nikahisi mdomo unatetemeka, nikavaa kofia mpaka machoni. Mtu mzima. Wanyonyi aliona. Akachukua jembe lake, akaenda bila kuaga.

Nina wivu na watoto wangu. Na nina wivu na mama mzee anayemwona binti yake kwa wiki mara moja. Nimeandika. Basi.

Jumatatu, 6 Aprili

Nitaikata.

Nimetafuta sababu ya heshima na nimeipata: matumizi. Hakuna anayebishana na matumizi. Sababu ya kweli ni kwamba kama mimi simwoni, asimwone mtu. Hata Simiyu angeonea haya sababu kama hiyo. Mimi nimelala nayo na nimeamka nayo, na bado ni tamu.

Sitamwambia yeyote. Nitasema mtandao umepotea. Mtandao hupotea, kila mtu anajua hilo.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeomba ruhusa dukani nikidanganya kuwa naenda kwenye matanga. Ofisi ya Bungoma iko ghorofani, juu ya duka la vyuma. Ndani kuna viti vya plastiki, kalenda na binti mmoja kwenye kaunta. Mpole, amechoka kidogo.

Nilidhani kukata ni kusema kata. Kumbe kujiunga ndiko rahisi. Alitaka kitambulisho, akataka mkataba, akanionyesha pale chini penye maandishi madogo panaposema anayetoka mapema atatozwa. Nikamwambia sawa. Akaonekana kushangaa kwamba sikubishana. Watu hubishana hapo.

Halafu akaniuliza sababu. Bei? Hapana. Kasi? Hapana. Umehama? Hapana. "Sasa ni nini, mzee?" Nikasema haitufai mahali ilipo. Hapo akafurahi, akaweka kalamu chini. Kama ni mahali tu, fundi anaweza kuja. "Niambie tu, imewekwa wapi ndani ya nyumba?"

Ndani, nikasema.

"Ndani wapi? Sebuleni?"

Nyuma yangu kulikuwa na mwanamume na mkewe wakingoja zamu. Binti mwenyewe ni wa umri wa dada yangu wa mwisho. Nilifungua mdomo. Ulimi ukakataa kabisa, ukalala pale kama ng'ombe aliyechoka kulima. Nikasema, "Wewe kata tu."

Akauliza ikatwe mwisho wa mwezi, kwa kuwa nimeshalipia, au leo.

Nikasema leo.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema mwisho wa mwezi. Nilisema leo kwa sauti ambayo hata mimi sikuipenda, yule bwana nyuma yangu akainua macho. Nikatia sahihi. Akasema mitambo irudishwe ofisini, nilete mwenyewe au fundi aifuate.

Nikashuka ngazi nikijiona mwepesi. Nikanunua chapati mbili, nikala nimesimama. Nilikuwa na furaha. Naiandika hiyo furaha hapa ili nisije nikasema baadaye kwamba sikuwa nayo.

Alhamisi, 9 Aprili

Nanjala amenipigia jioni, kutoka simu ya rafiki yake. Kwa haraka kama kawaida. Sauti yake ilikuwa na kitu, kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. Akasema, "Baba Nekesa, Pasaka usikose Mabanga. Na uvae ile shati ya bluu."

Nikauliza shati ya nini, kwani kuna harusi? Akacheka. Akasema we vaa tu.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia. Nilikuwa na nafasi, simu ilikuwa bado wazi. Nikasema mvua imeanza huku. Simu ikakatika.

Furaha ya Jumanne imeisha. Sijui imeenda wapi.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka.

Niandike pole pole.

Nilifika baada ya ibada, na shati ya bluu. Nikaenda kwenye benchi langu. Benchi halikuwepo. Nikadhani limepelekwa kanisani. Nikasimama.

Nekesa akatoka, amevaa gauni la sikukuu, amenyooka kama mtu aliyetumwa na chifu. "Baba, kukhu anasema uingie." Kukhu ni nyanya yake, mama mkwe.

Nikamwambia niko sawa hapa nje.

"Anasema uingie kwa kompyuta. Kile chumba si chake tena. Amehama. Uncle Wanyonyi alikuja akatoa kitanda, sasa kukhu analala jikoni."

Sikuelewa. Nikamwuliza tena. Akarudia yote, kwa subira, kama mwalimu wake. Kukhu analala jikoni. Chumba ni cha watoto. Baba anaweza kuingia.

Wanyonyi alikuwa amemwambia dada yake alichokiona usoni mwangu ile Jumapili. Dada akamwambia mama yake. Na mama mkwe, ambaye hawezi kuniambia neno moja kuhusu chumba chake kama mimi nisivyoweza kumwambia, alifanya asichoweza kusema. Alitoa kitanda chake nje ya nyumba aliyojengewa na marehemu mumewe, akakiweka kwenye kibanda cha jiko cha udongo, kati ya kuni na kuku, ili mkwe wake aketi na kumwona mkewe siku ya Pasaka.

Niliingia. Kuta zimepigwa chokaa mpya. Sakafu imesuguliwa, na bado unaona mahali pane palipokanyagwa na miguu ya kitanda miaka yote hiyo. Nilipaona na nikageuza uso, mazoea. Mbele ya kompyuta wameweka kiti cha sebuleni, kile cha wageni, na kitambaa kilichofumwa kwa mkono mgongoni mwake. Simiyu alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili kisikaliwe na mtu mwingine.

Nikaketi. Nekesa akabonyeza. Kompyuta ikatafuta. Ikatafuta tena. Ikasema hakuna mtandao.

Nilijua. Wao hawakujua. Nekesa akazima, akawasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka. Simiyu akasema labda antena imelowa. Nami nikainama, nikashika waya, nikajifanya naangalia. Nilijifanya fundi kwa kitu nilichokiua mwenyewe. Nekesa akanishika bega, akasema pole baba.

Halafu nikamsikia mama mkwe jikoni. Jiko liko ng'ambo ya uwanja mdogo, madirisha yanatazamana. Alikuwa anaomba kwa sauti, Kiswahili chake cha kanisani. "Baba Mungu, fungua hiyo netiwaki. Mkwe wangu aone bibi yake, hata kama ni dakika moja. Na ubariki mkono wa yule anaripa kila mwezi."

Aliomba hivyo kwa muda. Kati ya maneno alikohoa, moshi.

Niliwaambia watoto ni mvua. Nilikaa kwenye kiti cha wageni mpaka chai ikapoa, nikasema Kitale ni mbali, nikaondoka. Getini nilimsikia Simiyu akimwuliza dada yake kama Mungu amekataa.

Jumatatu, 13 Aprili

Sikukuu. Ofisi zimefungwa. Mvua.

Ujumbe wa Nanjala umeingia asubuhi. "Pole na network. Nilikuwa nimesuka. Nilingoja kwa kompyuta mpaka wakafunga hall. Jumapili ijayo."

Nimeusoma nikiwa nimesimama kwa mlango. Nimeusoma tena nimekaa. Amesuka kule, ambako kusuka ni taabu na ghali, kwa ajili ya jicho la kompyuta. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.



Jumanne, 14 Aprili

Bungoma, kabla ofisi haijafunguliwa. Nimengoja chini, kwenye mlango wa duka la vyuma. Dukani kwetu sikuomba ruhusa. Niwe nimefutwa, sawa.

Binti alinikumbuka. Nikamwambia nataka laini irudi. Leo hii. Niko tayari kulipa faini, kulipa tena, kutia sahihi nyingine ya miaka kumi. Akaandika kwenye kompyuta yake, akatazama, akaandika tena. Akaacha kuandika.

Haiwezekani. Ikishafungwa imefungwa. Lazima mitambo irudi kwanza, halafu niombe upya kama mteja mpya, na mnara wa Bungoma umejaa. Nafasi yangu imeshachukuliwa na mtu aliyekuwa akingoja. Wako wengi wanangoja. Wataongeza vifaa, hajui lini. Hakutaka kuniahidi uongo, namshukuru kwa hilo.

Akaniuliza tena, taratibu, kwa nini nilikata.

Hakukuwa na mtu mwingine. Nikatazama kalenda. Nikasema, kwa sauti ambayo hata nzi asingesikia, "Ilikuwa chumbani kwa mama mkwe."

Akaweka mkono mdomoni. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Uui. Mzee, si ungeniambia. Mimi ni Mbukusu wa Lugulu. Baba yangu akipita kwa kukhu ata haangalii hiyo mlango. Ungesema tu ni sababu ya kinyumbani. Ningejua. Fundi angeleta waya mrefu mpaka huko nje kwa varanda. Hiyo kazi ni bure."

Waya mrefu.

Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mpaka watu wakaanza kuingia. Nilikuwa naona haya kusema neno moja mbele ya mtoto wa watu, kumbe mtoto wa watu ni wa kwetu, na lile neno lisingeniua. Sasa nimefanya la kuaibisha kuliko kitanda cha mtu yeyote.

Nikamwomba asitume fundi Mabanga. Mitambo nitaileta mwenyewe. Sitaki mama mkwe aambiwe na mtu aliyevaa ovaroli.

Alhamisi, 16 Aprili

Sijafutwa. Boss amenitazama tu. Afadhali angefoka.

Wanyonyi amepiga. Mtandao umerudi? Nimemwambia bado, ni mvua. Uongo mwingine, umetoka wenyewe, umelainika sasa. Akasema mama anakohoa sana usiku, jiko linavuja upande wa kuku, lakini hataki kurudi ndani. Anasema netiwaki ikija ikute chumba cha mkwe kiko tayari.

Nilimwambia nitakuja Jumamosi. Nikakata simu kabla hajasema asante.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimesema.

Wanyonyi kwanza, nje ya geti. Alisikiliza akitazama viatu vyangu. Nilingoja atanie. Kwa miaka yote hii hajawahi kuniacha bila utani, hata kwenye mazishi ya baba yake alinitania. Leo akaenda tu kuchukua ngazi, maana paa la mama mkwe mimi siwezi kulipanda, akaanza kufungua antena. Ningelipa chochote anitanie.

Nekesa nilimtuma dukani na Simiyu. Mambo haya kwa kawaida yangepita kwake, yeye ndiye mdomo wetu, mimi na kukhu wake. Lakini nilikataa kumbebesha. Alishanibebea salamu za mahindi ya uongo. Hili lingemwelemea.

Nikaenda nyuma ya jiko. Nikasimama nikiupa ukuta wa udongo mgongo. Ndani nilisikia anapepeta ulezi. Nikakohoa. Kupepeta kukasimama. Katika miaka yangu yote ya ndoa sijawahi kuongea naye bila mtu kati.

Nikasema, "Mama."

Nilijua anasikiliza, hata kuku walikuwa wametulia.

Nikamwambia yote. Kwamba haikuwa mvua. Kwamba nilienda Bungoma Jumanne kabla ya Pasaka, nikaikata kwa mkono wangu. Kwamba waliniuliza iendelee mpaka mwisho wa mwezi, nikakataa. Kwamba sikuwa najua juu ya chumba. Hapo nikajisikia nikianza kujitetea, nikaacha. Nikasema nilikuwa na wivu. Kwa Kiswahili neno hilo ni dogo, nikalirudia kwa Kibukusu ili lisimpite.

Wanyonyi juu ya paa alikuwa anagonga kitu, naye akaacha kugonga.

Halafu mama mkwe akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Kumbe nilikuwa naombea kitu umekata."

Nilitaka ardhi inifunike. Nimesikia watu wakisema hivyo tangu utotoni, nilidhani ni maneno tu.

Nikasema, "Mama, niruhusu nirudishe kitanda ndani. Leo. Nitakibeba mimi."

Na hapo hapo nikasikia nilichosema.

"Usiguse kitanda changu," akasema, haraka, kwa sauti ya mwanamke aliyevuliwa kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Nikaondoka pale karibu kukimbia, mkono mdomoni. Nimefika kwa mama mkwe kuomba msamaha, nikamtajia kitanda.

Hata kurekebisha siwezi. Nilichoharibu si changu kukigusa.

Wanyonyi akashuka na antena. Nikaipeleka Bungoma pamoja na kisanduku chake na waya, vyote ndani ya gunia la mbegu. Binti wa kaunta akapokea, akagonga muhuri. Nikashuka ngazi. Chapati zilikuwepo pale chini kama siku ile, nikazipita.

Jumapili, 19 Aprili

Sikwenda Mabanga. Sikuweza.

Nanjala amepiga. Nimemwambia kabla hajaniuliza. Nilidhani atalia au atanitukana. Akasema, "Kwa nini hukuniambia mimi?"

Haikuwa chisoni. Yeye ni mke wangu, kwake hakuna chisoni. Angeweza kumwambia mama yake kwa sentensi moja, siku ya kwanza kabisa, na mambo yangeisha hapo. Ni kiburi tu. Nilitaka aone mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba nakaa nje.

Akasema atapumzika kidogo kupiga. Ana zamu nyingi. Nikasema sawa, nimeelewa. Nimeelewa.

Jumatano, 22 Aprili

Wanyonyi anasema alijaribu kurudisha kitanda. Mama amekataa. Amemwambia amempa mkwe wake chumba, na mtu hatoi kitu kwa mkwe halafu akakirudia. Hiyo nayo ingekuwa aibu, na nyumba hii imeshapata aibu ya kutosha mwaka huu.

Wanyonyi amepiga bati upande wa kuku, kusivuje. Mbao nilinunua mimi, akazibeba yeye. Ndipo aliponitania, kidogo tu, kuhusu ninavyobishania bei. Nimegeuka upande, machozi yakanitoka mbele ya muuza mbao.

Jumapili, 26 Aprili

Nimekwenda. Nimengoja varandani, nimesimama.

Nekesa akatoka akaniambia niingie. Nikaingia.

Kompyuta imefunikwa shuka. Ukutani pana tundu mahali waya ulipopitia, limezibwa na karatasi. Watoto wanafanyia humo kazi ya shule sasa. Simiyu amechora ng'ombe mwenye miguu mitano, nikamsifu. Kiti cha wageni kiko pale pale, kinatazama kompyuta iliyozimwa. Nikaketi.

Mvua ikaanza. Kubwa, ya kupiga bati mpaka watu hawasikilizani. Kupitia dirishani niliona moshi ukitoka jikoni kwa shida, ukilala chini kwa sababu ya maji. Mama mkwe alikohoa. Kisha akakohoa tena.

Nilitaka kutoka. Nilitaka kwenda kusimama varandani ninyeshewe, ndiko mahali pangu, hapo ningepumua. Nimeinuka nusu. Halafu nikafikiri: chumba hiki amenipa. Nikikiacha kitupu, yeye analala kwenye moshi bure. Nikarudi kukaa.

Nekesa akakimbia kwenye mvua na kikombe, amekifunika kwa sahani. Kukhu ametuma chai. Amesema ninywe ikiwa moto.

Nimeinywa yote. Watoto wameendelea kuandika. Mvua haikukatika mpaka jioni, nami sikutoka.